Namna ya Kumtembeza Mgeni kutoka Nyumbani Katika Majira ya Baridi ya Minnesota

Ndugu anapoandika kwamba amepata viza na kwamba atafika Minneapolis, hapa jimboni Minnesota, Marekani, mwezi wa Januari, wenyeji wengi miongoni mwetu humshauri asogeze safari hadi Juni. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unamnyima mgeni kitu ambacho jimbo hili linacho kwa wingi, nacho ni maziwa yaliyoganda ambayo watu huyatembelea, huvua samaki na kucheza juu yake kwa miezi kadhaa. Minnesota hujiita Nchi ya Maziwa 10,000, na ukihesabu yale yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi yanafika 11,842. Mgeni anayekuja Juni ataona maji, na maji ameshayaona Mwanza, Kisumu au Tanga.

Kanuni inayouongoza mwongozo huu ni moja: mgeni aipende theluji kabla baridi haijamuumiza. Akiumia vidole siku ya kwanza, hatatoka tena, na wiki zilizobaki atazimaliza kwenye kochi akitazama televisheni. Kwa sababu hiyo mpangilio wa hatua una uzito kuliko orodha ya michezo yenyewe, na mwenyeji asiruke hatua hata kama mgeni ni kijana mwenye nguvu anayetaka kwenda mlimani siku hiyo hiyo aliyoshuka kwenye ndege.

Hatua ya kwanza: maandalizi kabla hajasafiri

Muulize saizi ya viatu, urefu na uzito, kwa sababu utavihitaji vipimo hivyo unapoazima au kukodi vifaa. Muulize pia, kwa heshima inayostahili umri wake, kama ana pumu, kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Hewa ya baridi hubana mishipa ya damu na huweza kuamsha pumu. Mwenye kisukari ambaye hisia za miguu zimepungua huenda asitambue kwamba vidole vinaganda. Hali hizi hazimzuii mama mkwe au mjomba kuiona theluji, lakini zinaamua atakaa nje kwa muda gani.

Kisha lizungumzeni suala la bima ya safari bila aibu. Matibabu ya mfupa uliovunjika nchini Marekani yanaweza kumaliza akiba ya familia nzima, na bima nyingi za wasafiri huiweka michezo ya theluji katika kundi la michezo ya hatari isiyolipiwa mpaka iongezwe kwenye mkataba. Soma mkataba huo pamoja naye kabla hajaulipia.

Usimwache anunue koti Kariakoo au Gikomba kwa kukisia. Koti linalotosha Njombe au Limuru mwezi wa Julai halitoshi hapa, ambapo wastani wa joto la usiku wa Januari ni karibu nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sufuri, na zipo siku ambazo baridi hupita nyuzi 25 chini ya sufuri. Miji ya Minneapolis na Saint Paul ina maduka mengi ya mitumba yenye makoti mazito na buti nzuri kwa bei nafuu. Nenda nalo koti uwanja wa ndege pamoja na kofia na glavu, ili avivae kabla mlango wa kioo haujafunguka.

Hatua ya pili: kumfundisha kuvaa

Mgeni wetu hudhani kwamba nguo moja nene ndiyo kinga, kumbe kinga ni tabaka kadhaa zinazoshika hewa katikati yake. Tabaka la kwanza ni nguo za kubana mwili, za sufu au za nyuzi zinazokausha jasho. La pili ni sweta la sufu au la manyoya bandia. La tatu ni koti lisilopitisha upepo. Pamba isiguse ngozi siku ya michezo. Ikilowa jasho haikauki, na mtu aliyesimama baada ya kukimbia hupoteza joto haraka. Suruali ya jinzi nayo ni pamba, kwa hiyo juu yake avae suruali ya theluji.

Kwa mikono, glavu zisizotenganisha vidole hushinda zenye vidole, kwa kuwa vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Kwa miguu, buti ziwe kubwa kidogo. Wageni wengi huvaa soksi tatu ndani ya buti inayobana, na damu ikishindwa kupita, miguu huganda upesi kuliko ambavyo ingeganda kwa soksi moja nzito ya sufu. Mwanamke anayevaa hijabu anaweza kuvaa ya sufu nyepesi chini ya kofia ya koti, na atakuta shingo yake imekingwa vizuri kuliko ya mwenye skafu.

Mfundishe pia dalili za hatari. Ngozi inayoanza kuganda hufa ganzi, na katika ngozi nyeusi huonekana kama imepauka au imekuwa ya kijivu, hasa kwenye ncha za masikio, pua, mashavu na vidole. Usiisugue wala kuipaka theluji. Mwingize mgeni ndani, uipashe kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi joto la nyuzi 40, na ganzi isipotoka umpeleke hospitali. Mweleze kwamba maumivu ya vidole ni onyo, na kwamba maumivu yanayotoweka ghafla wakati bado mpo nje ni onyo kubwa zaidi.

Hatua ya tatu: siku mbili za nyumbani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa unaweza kumpa beleshi la theluji siku ya pili, kwani hakuna somo la kwanza lililo bora kuliko kusafisha njia ya mlangoni kwa dakika 15. Atajifunza uzito wa theluji mbichi na wepesi wa theluji kavu, atajifunza kutembea juu ya barafu kwa hatua fupi huku uzito wa mwili ukiwa juu ya mguu wa mbele, na akichoka nyumba ipo nyuma yake. Wazee na wenye matatizo ya moyo wasipewe kazi hii kabisa, kwa kuwa nguvu inayohitajika ikichanganyika na baridi huulemea moyo.

Ndani ya nyumba hewa ni kavu mno kwa sababu ya hita. Mtayarishie mafuta ya mgando kwa midomo na ndani ya pua, maji ya kunywa ya kutosha, na bakuli la maji au mashine ya unyevu chumbani, la sivyo ataamka na damu puani na kudhani ameugua.

Mzoeze kusoma hali ya hewa. Redio za huku hutaja nyuzi za Farenhaiti, na akisikia kumi asidhani ni kama Lushoto alfajiri, maana ni 12 chini ya sufuri kwa Selsiasi. Sufuri yao ni 18 chini ya sufuri. Muhimu zaidi ni upepo: hewa ya nyuzi 18 chini ya sufuri ikiambatana na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili huipokea kana kwamba ni 28 chini ya sufuri, na ngozi iliyo wazi huweza kuganda kwa takriban nusu saa. Kiwango hicho kikifika, safari ya nje iahirishwe.

Mwanga nao una ratiba yake. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, hivyo muda mzuri wa kutoka ni kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Kwa mgeni Mwislamu ratiba hii inagusa ibada pia: adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana ndani ya muda usiozidi saa nne na nusu, kwa hiyo ukipanga safari ya mchana, panga pia mahali pa joto pa kutawadhia na kuswalia.

Hatua ya nne: kilima kidogo

Mchezo wa kwanza uwe wa kuteleza juu ya sleji ya plastiki, yaani kigari bapa kisicho na magurudumu, kwenye kilima cha bustani ya karibu. Hauhitaji ujuzi, gharama yake ni ndogo, na shangazi wa miaka 50 atacheka sawasawa na mtoto wa miaka 6. Chagua kilima ambacho chini yake hakuna miti, barabara wala maji. Mteleze mkiwa mmekaa, miguu ikitangulia, na mpande kwa pembeni ili msigongwe na wanaoshuka. Theodore Wirth, bustani kubwa iliyo magharibi mwa Minneapolis, ina kilima kilichotengwa kwa kuteleza juu ya maboya ya mpira, na kuna jengo la kujipashia joto.

Beba chupa ya chai ya tangawizi na maandazi. Mwili hutumia chakula kingi ili kujipasha joto, na mgeni mwenye njaa husikia baridi mapema. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu betri hulegea katika baridi na simu huzimika wakati picha inahitajika. Rudini nyumbani wakati bado anataka kuteleza mara moja zaidi. Jambo hili ni gumu kwa mwenyeji mwenye furaha, lakini hamu anayorudi nayo ndiyo itakayomtoa nje kesho.

Hatua ya tano: viatu vya kuteleza barafuni

Bodi za bustani za miji hii humwagia maji viwanja vya michezo ili vigande, na kwa kawaida viwanja hivyo hufunguliwa katikati ya Desemba hadi mapema Februari kutegemea hali ya hewa. Vingi vina chumba cha kujipashia joto, na baadhi huazimisha viatu hivyo, vyenye ubamba wa chuma chini. Barafu yake imelala juu ya ardhi, hivyo hakuna hofu ya kuzama, na ndiyo sababu mgeni aanzie hapa kabla ya kwenda ziwani.

Kiatu kikaze kifundoni, maana kiatu kilicholegea ndicho humwangusha mtu. Avae helmeti na glavu. Mwambie akunje magoti, aangalie mbele wala si miguu yake, apige hatua ndogo kama anayepanda ngazi papo hapo, kisha aache mguu mmoja uteleze. Mfundishe kuanguka kabla hajaanguka: ashuke chini na kulalia upande, akunje ngumi ili chuma cha mwenzake kisimpite juu ya vidole. Kuinuka ni kupiga magoti, kuweka mguu mmoja mbele, mikono juu ya goti, kisha kusimama. Nusu saa inatosha siku ya kwanza.

Hatua ya sita: ziwani

Hapa ndipo safari nzima ilipokuwa ikielekea, na hapa mwenyeji asifanye haraka.

Kwanza ni usalama. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa angalau sentimita 10 kwa mtu anayetembea kwa miguu, na kama sentimita 23 hadi 25 kwa gari dogo. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nguvu karibu nusu tu ya ile angavu, kwa hiyo iwe na unene maradufu. Hakuna barafu iliyo salama kabisa: mahali mto unapoingilia, chini ya madaraja na penye chemchemi huwa nyembamba hata Januari. Miaka nayo hailingani. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa katika jimbo hili, na shughuli nyingi za ziwani zilifutwa. Uliza duka la chambo lililo karibu na ziwa, toboa na kupima mwenyewe mnavyosonga mbele, na kila mmoja avae shingoni jozi ya misumari yenye mpini ya kujivutia juu iwapo atatumbukia.

Pili ni leseni. Mtu mzima asiye mkazi wa Minnesota anatakiwa kuwa na leseni yake ya uvuvi, na zipo za saa 24, za saa 72 na za siku saba. Kukodi kibanda hakumwondolei wajibu huo.

Tatu ni vifaa. Mnahitaji keekee kubwa ya kutobolea tundu lenye upana wa sentimita 20 hadi 25, kijiko chenye matundu cha kuondolea vipande vya barafu, vijiti vifupi vya kuvulia, mshipi mwembamba, ndoana, chubwi na chambo cha dagaa hai au funza. Barafuni kila mvuvi anaruhusiwa mishipi miwili, tofauti na kiangazi ambapo ni mmoja. Ndoano ishuke mpaka chubwi iguse chini, kisha ivutwe juu kwa kiasi cha nusu mita na kutikiswa polepole. Samaki anayetafutwa zaidi ni walleye, ambaye huuma vizuri jua linapokaribia kuzama, lakini kwa mgeni ninapendekeza samaki wadogo kama sangara wa manjano, kwa kuwa huuma mara kwa mara.

Kwa mara ya kwanza, kodi kibanda chenye hita kwa siku moja. Mille Lacs, ziwa kubwa lililo umbali wa kama kilomita 150 kaskazini mwa Minneapolis, lina wenye hoteli za wavuvi wanaosafisha barabara juu ya barafu na kukodisha vibanda vilivyokwisha kutobolewa. Hita za gesi zina hatari ile ile tunayoijua kwetu kwa jiko la mkaa lililoachwa chumbani usiku: kaboni monoksidi haina harufu, na huua. Tundu la hewa lisizibwe, na king'ora cha kutambua gesi hiyo kiwepo na kiwe kinafanya kazi.

Mgeni atauliza samaki wanaishije chini ya barafu, na swali hilo linastahili jibu kamili. Maji huwa mazito kuliko wakati wote yanapofika nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi huwa mepesi na kubaki juu, hivyo ziwa huganda kuanzia juu, huku maji ya chini yakibaki katika nyuzi 4 hivi, na barafu na theluji vikilikinga dhidi ya baridi ya juu. Samaki hupunguza mwendo na kula kidogo, lakini hai wako.

Mwandae pia kwa sauti. Barafu inapotanuka na kusinyaa hunguruma na kupasuka kwa mlio unaosafiri ziwa zima, na aliyeusikia bila kuonywa huweza kukimbilia ufukweni. Mweleze kwamba ngurumo hizo ni za kawaida na hutokea hata barafu ikiwa nene sana. Kisha mkiwa na bahati ya samaki, wakaangeni jioni hiyo hiyo kwa ndimu na pilipili, ugali ukiwa pembeni.

Hatua ya saba: ski

Mgeni mwenye afya na muda wa kutosha anaweza kujaribu ski, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu nyembamba zilizofungwa miguuni, na ushauri wangu ni aanze na ile ya kutembelea tambarare. Viatu vyake ni vyepesi, mwendo ni wa taratibu, na mtu aliyezoea kutembea au kukimbia huupata baada ya somo moja. Theodore Wirth ina njia zake, hukodisha vifaa, na mwezi wa Februari 2024 njia hizo zilipokea mbio za Kombe la Dunia. Jessie Diggins, mwenyeji wa Afton, mji mdogo wa mashariki mwa Saint Paul, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mwaka 2018 pamoja na Kikkan Randall, ikiwa ya kwanza kwa Marekani katika ski ya aina hii.

Mgeni akisema mchezo huu si wa watu wetu, msimulie habari za Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya aliyeshiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Mwaka 2018 Sabrina Simader naye aliiwakilisha Kenya katika ski ya kushuka milima.

Ski hiyo ya milimani inahitaji tahadhari zaidi. Buck Hill, iliyoko Burnsville, mji wa kusini mwa Minneapolis, ni kilima kifupi, lakini ndiko Lindsey Vonn, bingwa wa Olimpiki wa ski ya kushuka milima, alikojifunzia utotoni, na kina walimu. Lipia somo la mwalimu hata kama wewe mwenyewe unajua, usimfundishe ndugu yako kwa kumpigia kelele, na usimpandishe juu mpaka aweze kusimama kwa hiari yake kwenye mteremko wa wanaoanza. Asiyetaka ski kabisa avae viatu vipana vya theluji na kutembea msituni katika hifadhi ya Fort Snelling, ambako mito ya Mississippi na Minnesota hukutana.

Hatua ya nane: kutazama wengine

Zile siku ambazo misuli inauma zitumike kutazama. Mchezo mkuu wa jimbo ni hoki ya barafuni. Mweleze kwamba kila timu ina wachezaji sita uwanjani, kipa akiwa mmoja wao, kwamba kuna vipindi vitatu vya dakika 20, kwamba wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea, na kwamba sheria ya kuotea ipo ingawa huhesabiwa kwa mstari wa samawati. Mpenzi wa soka ataelewa mengine mwenyewe. Timu ya wanawake ya Minnesota ilitwaa ubingwa wa ligi ya kulipwa mwaka 2024 na 2025, na mechi zao huchangamsha sana. Mgeni wa kutoka Nairobi anaweza kujua kwamba Kenya nayo ina timu, Ice Lions, iliyokulia katika uwanja wa barafu wa hoteli moja ya jiji hilo.

Mwishoni mwa Januari kuna Kanivali ya Baridi ya Saint Paul, iliyoanza mwaka 1886, yenye gwaride na sanamu zilizochongwa kwa barafu. Wakati huo huo kaskazini, karibu na mji wa Duluth, hufanyika mbio za mbwa wanaovuta sleji zinazomkumbuka John Beargrease, mtu wa Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa eneo hili, aliyebeba barua kando ya Ziwa Superior katika karne ya 19. Duluth ni mwendo wa kilomita 250, kwa hiyo gari liwe na tangi lililojaa, blanketi, beleshi, tochi na chakula, na dhoruba ikitangazwa msiondoke.

Hatua ya tisa: siku ambazo hakuna kutoka

Zitakuwepo siku ambazo hata wazawa wa Minnesota hubaki ndani, na mpango wake uwe tayari mapema. Katikati ya Minneapolis majengo mengi yameunganishwa kwa njia za juu zilizofunikwa, na mgeni anaweza kutembea mitaa mingi bila koti. Nyumba ya mimea ya Como, Saint Paul, iliyofunguliwa mwaka 1915, ina joto na unyevu wa kwetu, pamoja na michikichi na maua. Mzee aliyechoka na baridi atakaa hapo saa mbili kwa raha. Karmel, soko la Wasomali kusini mwa Minneapolis, lina chai ya maziwa, sambusa za moto na sehemu ya kuswalia. Mwache huko azungumze na watu, na wewe utumie muda huo kurudisha vifaa mlivyokodi kabla siku ya ziada haijatozwa.